Wembe, Muwa na Miaka ya Mungazi

Ninyi mnaobaki katika labo mmeniomba niwaachie maandishi. Utawala nao uliniomba ripoti ya mwisho, kurasa mbili, yenye mafanikio, matatizo na mapendekezo. Ile nimekwisha kuitoa. Iko ndani ya faili na itakaa humo kwa amani miaka mingi. Hii ni nyingine. Humu sitaeleza nilipanda cheo lini, kwa sababu sikupanda: niliingia preparatrise, nikatoka preparatrise, na katikati nilikata mashina ya mimea.

Kwa wale wasioijua kazi yetu: preparatrise ndiye anayefika kabla ya profesa, anaosha vioo, anakata mmea vipande vyembamba, anavipaka rangi, anavipanga chini ya mikroskopi. Halafu profesa anaingia na kuwaambia wanafunzi, "Kama vile mnavyoona." Nimefanya hivyo hapa Bunia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Wanafunzi waliniita Mama Labo, na nadhani wengi hawajui kwamba naitwa Beatrisi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Frère Gaspari, mtawa mzaliwa wa Mahagi, aliyekuwa mkuu wa labo. Alikuwa mrefu, mkimya, na kanzu yake ilikuwa na madoa ya rangi zote za kazi. Hakunionyesha chumba wala hakuniuliza diploma. Alinipa wembe mpya na shina la haragi, maharagwe yetu, akaniambia nikate kipande chembamba mpaka herufi za gazeti zisomeke kupitia kwake. Nilikata asubuhi nzima. Saa sita alikuja, akaviangalia vipande vyangu vilivyopangwa kwenye sahani, akasema vinafaa sana kwa supu.

Wiki ya tatu nilipata kipande kimoja cha kweli. Nilipokiweka chini ya mikroskopi nikaona mishipa ya haragi imekaa duara, mmoja karibu na mwingine, na katikati kuna kiini cheupe laini. Nilifurahi kama aliyejenga nyumba. Basi Frère akanipa shina la muhindi. Nikakata, nikatazama, nikaona mishipa imetawanyika ovyo kila mahali, kama watu walioshuka kwenye lori. Nikajua nimekosea kukata. Nilirudia mara nne, nikiwa na nia ya kuilazimisha mishipa ya muhindi ikae duara kama ya haragi. Frère aliniacha tu. Jioni ndipo aliponieleza kwamba mimea yenye maua iko makundi mawili makubwa. Kundi moja mbegu yake inapasuka vipande viwili, kama haragi, avoka, yaani parachichi, na mikalitusi. Hao mishipa yao inakaa duara, na kati ya ganda na mbao wana utando mwembamba unaozaa mbao upande wa ndani na ganda upande wa nje. Ndiyo sababu wananenepa mwaka hata mwaka. Kundi la pili mbegu yake ni kipande kimoja: muhindi, muwa, mianzi, mungazi wetu wa mawese, yaani mchikichi. Hao mishipa imetawanyika na utando ule hawana. Mungazi ukishapata unene wake, kazi inayobaki ni kupanda juu.

Kisha akasema neno ambalo nimelisema kwa kila mwanafunzi aliyepita kwangu: "Chora kile unaona. Usichore kile ulikuwa unangoja."

Vyombo vyetu mnavijua, lakini niviandike hata hivyo. Wembe uwe mpya, na mmea ukatwe ndani ya maji. Jani au shina laini lishikwe katikati ya kiini cha shina la muhogo. Kwenye katalogi za Ulaya wanauza kiini maalumu cha kazi hiyo, na wakati wa ukaguzi mtaulizwa kwa nini hamkukiagiza. Rangi: wino mwekundu wa kusahihishia, tone moja kwa matone kumi ya maji. Mikroskopi ni ile moja nyeusi yenye kioo cha kurudisha mwanga, inayotaka jua tu na haiulizi kama umeme upo. Wakati wa vita niliifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikatembea nayo siku mbili. Kwenye kizuizi kimoja mtu mwenye bunduki aliuliza mbona mtoto halii. Nikamwambia ana adabu. Frère Gaspari, niliporudi nayo, aliifuta kwa shati lake, akatazama ndani, akasema lenzi ya pili ina vumbi. Alifariki miaka michache baadaye na sikuwahi kusikia sifa nyingine kutoka kwake. Ile ilinitosha.

Sasa nije kwenye kesi, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Mama Veronika alikuwa mjane anayeuza mikate ya mafuta kwenye mlango wa shule yetu. Alikaa Ngezi, kwenye parseli, kiwanja ambacho yeye na marehemu mume wake walijenga. Kwenye pembe ya parseli ulisimama mungazi mmoja ambao matunda yake, ngazi, yalimpa mawese ya kukaangia. Siku moja, badala ya kuniuzia mikate, alinifuata mpaka dirisha la labo.

"Mama Labo," akasema, "siye tunakuonaka kila siku unakata miti na wembe. Muti inaweza kusema iko na miaka ngapi?"

"Ingine inaweza. Ingine hapana."

"Na mungazi?"

"Mungazi haisemake kitu."

Akaketi chini kwenye majani, akaniambia yote. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, Papa Deo, alikuwa amemshtaki. Alidai parseli ile ilikuwa ya baba yake, na karatasi ziliungua vitani. Ushahidi wake ulikuwa mungazi. Alisema baba yake aliupanda siku yeye alipobatizwa, miaka thelathini na minne iliyopita, wakati Veronika na mumewe walifika Ngezi miaka ishirini tu iliyopita. Ili kulithibitisha hilo alituma watu wake wakaukata mungazi asubuhi moja Veronika akiwa kwenye misa. Kipande cha shina, mviringo kama meza ndogo, kilipelekwa mahakamani, tribinali, pamoja na ripoti ya eksperi, mtaalamu wake. Eksperi alikuwa amehesabu mizunguko ndani ya shina, akakuta thelathini na minne kamili. Ripoti ilikuwa na mihuri mitatu.

Nilimwambia mungazi hauna mizunguko. Hata mti wa kweli wa kwetu si wa kuaminiwa haraka, kwa sababu mvua zetu zinakuja mara mbili kwa mwaka na mti unaweza kuchora mizunguko unavyopenda. Lakini mungazi hauchori hata mmoja. Veronika akainuka kutoka kwenye majani.

"Basi eksperi alihesabu nini?"

Hilo sikujua. Siku iliyofuata tulikwenda na avoka wake, wakili, kwenye grefe, ofisi ya tribinali inakohifadhiwa mali ya kesi, wakaniruhusu kukitazama kipande bila kukigusa. Kilikuwa kimesuguliwa na kupakwa verni kama kabati la harusi. Na mizunguko ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu, myeusi, safi. Nilijiambia kwamba pengine miaka yote hii nimewadanganya wanafunzi. Kisha nikajilazimisha kufanya kile nilichofundishwa, nikatazama kwa dakika nyingi bila kungoja kitu, mpaka grefie, karani wa pale, akaniuliza kama nimelala. Hapo nikaelewa. Nilimwomba avoka aiombe tribinali iniite.

Mwito ulipofika shuleni, mkurugenzi wetu wa wakati ule aliniita kwanza. Alikuwa mtu mwenye sauti laini aliyependa kufunga mlango kabla ya kusema. Alinieleza kwamba Papa Deo ndiye aliyeahidi kutujengea labo mpya, yenye mabati, masinki, na mikroskopi kumi na mbili. Msingi ulikuwa umekwisha kuchimbwa, hata mimi niliuona kila asubuhi kupitia dirisha. Nisijidai hapa kuwa shujaa. Mikroskopi kumi na mbili! Tulikuwa na moja kwa wanafunzi sitini, na wa mwisho kwenye mstari alikuwa anafika jua limekwisha kupita kioo. Niliposikia idadi ile nilinyamaza, naye akadhani nimekubali.

"Mama, weye ni preparatrise," akasema kwa upole. "Kazi yako ni kutayarisha. Basi tayarisha, acha wengine waseme."

Nilirudi labo, nikaosha vioo ambavyo vilikuwa safi. Niliwaza masinki. Niliwaza pia kwamba labo ile mpya ingefunguliwa kwa hotuba, na mimi ningesimama humo miaka yangu ya mwisho nikiwaonyesha watoto mungazi usio na mizunguko, huku mjini kukiwa na hukumu yenye muhuri inayosema mizunguko iko, thelathini na minne. Ningewaambia wachore kipi? Kesho yake nilimwandikia mkurugenzi barua kwamba nitakuwa na udhuru siku ya kesi. Kwenye sababu niliandika: kutayarisha.

Siku ile nilikwenda na kikapu. Ndani niliweka shina la muhogo, tawi la avoka, muwa mrefu, na wembe wangu katika karatasi yake. Polisi wa mlangoni aliuchukua wembe. Silaha haziingii mbele ya juji. Nilimweleza kuwa ni chombo cha sayansi, akaniambia kila mtu anayekamatwa na wembe husema hivyo. Aliuandika katika daftari, akaniambia ninaweza kuuomba kwa barua. Basi niliingia bila wembe, mwanamke wa wembe.

Juji, ambaye kule ndani anaitwa Prezida, alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa ziwa, mwenye miwani na subira ndogo. Eksperi alisoma ripoti yake kwanza, kwa Kifaransa, kurasa tisa, na neno "kisayansi" lilikuwemo katika kila moja. Kisha nikaitwa. Nikasema nimeleta mifano, nikaomba ruhusa ya kuonyesha tawi la avoka. Avoka wa Papa Deo aliruka akapinga kutajwa kwake. Watu walicheka, Prezida akagonga meza, nikainua tawi lenye majani ili ieleweke ni avoka wa namna gani.

Prezida aliniuliza kama kuna teksti ya sheria inayosema mungazi hauna mizunguko.

"Hapana, Prezida," nikamjibu. "Mungazi haijasoma teksti."

Hakupenda jibu lile. Aliniambia kwamba mbele yake iko ripoti yenye mihuri, na mimi sina hata karatasi moja. Nilitaka kukata muwa nimwonyeshe mishipa, mkono ukaenda kwenye kikapu kutafuta wembe ambao haukuwepo. Nilisimama pale na muwa mkononi kama mtu aliyepotea njia ya soko. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikaupeleka muwa mdomoni, nikauvua ganda kwa meno, mbele ya tribinali nzima, nikatafuna.

"Prezida," nikasema nilipomaliza, "weye ulishakula muwa?"

Prezida akavua miwani.

"Nilikula."

"Nyuzi zake zilikuwa wapi? Kandokando peke, ao katikati?"

Alifikiri kwa uaminifu, ninampa heshima hiyo mpaka leo. "Zilikuwa kila fasi," akasema polepole. "Mu meno yangu yote."

Grefie aliuliza kama aandike "mu meno yote". Prezida akamwambia aandike. Nikaeleza kwamba nyuzi zile ndizo mishipa, kwamba muwa na mungazi ni wa ukoo mmoja, mishipa imetawanyika na hakuna utando wa kuzaa mbao. Nikalivunja shina la muhogo kwa magoti, nikampelekea aone mwenyewe: ganda, duara la mbao, kiini cheupe. Alilishika pamoja na muwa, akavigeuzageuza, akavipitisha kwa majuji wenzake. Mmoja wao aliuonja muwa. Haikuandikwa.

Ndipo Prezida akaagiza kipande cha mungazi kiletwe mezani, akamwomba eksperi ahesabu tena mizunguko, pale pale. Eksperi akahesabu, akapata ishirini na tisa. Akahesabu tena, arobaini na mmoja. Akaeleza kuwa mbao zikikauka, miaka inasogea.

Nikaomba kitu kimoja tu: eksperi aweke kidole kwenye kiini cha mti, mahali mizunguko yote inapoanzia. Aliweka kidole katikati ya kipande. Lakini mistari haikuzunguka kidole chake. Ilipita pembeni yake, yote imepinda upande mmoja, ikaingia ukingo huu ikatoka ukingo ule. Prezida akamwambia aifuate mpaka akipate kiini. Kidole kikafuata mpindo, kikafika mwisho wa mbao, kikaendelea hewani, na chumba kizima tukakisindikiza kwa macho mpaka kikatua juu ya faili la avoka wa Papa Deo. Hapo ndipo palikuwa kiini cha mungazi, mkono mzima nje ya mungazi wenyewe.

Nikasema nilichokuwa nimekiona kwenye grefe. Kipande kilipasuliwa kwenye atelye inayopasua magogo ya Mambasa, kwa msumeno wa mashine, ule wa duara. Meno ya msumeno yaliacha mikwaruzo iliyopinda, verni ikaitia weusi. Eksperi alikuwa amehesabu meno ya mashine.

Papa Deo alikuwa amekaa mstari wa mbele, tumbo mbele, simu mbili mkononi. Nilingoja akasirike. Alimgeukia eksperi akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Weye uliniambia iko yangu." Nikafahamu kwamba mtu yule alikuwa ameanza na uongo wa baba kupanda mti, halafu alipoiona ripoti na mihuri yake, akaanza kuuamini mwenyewe.

Hukumu ilikuja baada ya miezi mitatu. Ripoti ilikataliwa, ushahidi mwingine haukuwepo, parseli ikabaki ya Veronika. Tena Papa Deo aliamriwa amrudishie mungazi, kwa kuwa aliukata bila ruhusa na mungazi ukikatwa kichwa hauoti tena. Hukumu iliandika pia kwamba mungazi "si mti hasa, ni ndugu wa majani". Niliambiwa kwamba mwezi ule madereva kadhaa wa njia ya Mambasa, walipoulizwa kibali cha magogo, walijibu kwamba wamebeba ndugu wa majani.

Kuhusu labo mpya: mabati yaliyokuja Jumatatu yaliondoka Alhamisi. Kuta zilisimama kwenye usawa wa dirisha na ziko hivyo mpaka leo, mnakalia juu yake wakati wa mapumziko. Mkurugenzi hakuniadhibu. Alifanya vibaya zaidi: kila mgeni alipokuja alimpeleka kwenye zile kuta, akanielekeza kwa kidole, akasema, "Mama Beatrisi atawaelezea." Nami nilieleza. Kuna wanafunzi wa mwisho kwenye mstari waliotoka shuleni bila kuiona mishipa ya muhindi hata mara moja, na wale ninawakumbuka. Sijuti, lakini nisiseme haikuuma.

Veronika alingoja mungazi wake. Baada ya wiki sita ulifika kwa pikipiki, umefungwa kwenye gunia, pamoja na karatasi. Alinituma mtu niende Ngezi haraka. Nilikuta gunia limefunguliwa, na ndani yake mche wa mgomba. Karatasi ilikuwa ya eksperi yule yule. Ilithibitisha kwamba huu ni mungazi wa aina bora, wenye afya, umri miaka miwili.

"Turudie tribinali?" Veronika akauliza.

Nilikaa kwenye kiti alichonipa, nikausoma ule muhuri. Nilikuwa nimechoka. Nilikata kipande cha shina la mche ule, nikamwonyesha kwamba hata si shina. Ni majani tu yaliyokunjana, moja ndani ya jingine, mpaka katikati, na shina la kweli liko chini ya udongo. Veronika alilifunua jani baada ya jani kwa ukucha, kisha akaipima karatasi ya eksperi kwa mkono mwingine.

"Tupande tu," akasema.

Tukaupanda kwenye pembe ile ile. Udongo wa Ngezi hauna choyo. Haukupita mwaka na nusu, mgomba ukazaa rejimu kubwa, mkungu uliojaa ndizi. Veronika aliibeba kichwani mpaka tribinali, mimi nikamsindikiza, na akamwambia grefie kwamba anataka kuonyesha kuwa hukumu imetekelezwa: haya ndiyo matunda ya mungazi aliorudishiwa, na hii ndiyo ripoti inayosema ni mungazi. Grefie aliziangalia ndizi. Akaisoma ripoti, yote, akageuza na nyuma. Akaziangalia tena ndizi, akanusa moja.

Halafu akavuta daftari, akaandika risiti, akapiga muhuri, akampa. Ninayo kopi yake nyumbani. Inasema: "Imepokelewa, rejimu moja ya ngazi, hali nzuri, imeiva." Na kabla hatujafika mlangoni, alikuwa amekwisha kumenya ya kwanza.